Wageni wa Bwana Nassoro

Tajiri Nassoro alisajili majina yote ya tovuti yanayokaribiana na la Bi Rukia, muuza halua pekee wa mji ule.

"Mteja wako akikosea herufi moja tu, anaangukia kwangu," alimwambia. "Bora uniuzie duka."

"Kwa hiyo atakayeingia huko ni mgeni wako?"

"Wangu kabisa."

"Basi weka picha yako na ramani ya nyumbani, wasipotee."

Akaweka.

Mkesha wa Idi, Bi Rukia alitangaza kwamba mwenye tovuti zile angegawa halua bure.

Asubuhi umati ulijaa langoni kwa Nassoro, na mgeni wa Idi hafukuzwi. Nassoro akamwendea Bi Rukia.

"Chukua majina yako."

"Nitayachukua. Kwanza niambie, wageni wako nikupimie sinia ngapi?"