Sketi ya Nakunda na Navo

"Sare moja haisomeshi wawili." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi cherehani leo, nanyi mmeniuliza neno hilo lilitoka wapi. Basi wajukuu zangu, lilitoka kwa jirani zetu wa kule mlimani Upare, na chanzo chake ni hiki.

Eliamini alikuwa mkulima wa tangawizi, mtu mwenye bidii na asiyelewa pombe. Alikuwa na mabinti wawili. Nakunda, mkubwa, alikuwa darasa la saba. Mdogo wake, Navo, alikuwa la nne. Mwaka huo Eliamini alitaka kuezeka nyumba yake kwa bati, na kila alichokitazama alikiona bati.

Januari ilipofika, akagundua kwamba shule ilikuwa na zamu mbili. Navo angesoma asubuhi, Nakunda mchana. Akashonesha sare moja ya kimo cha Nakunda, akanunua na jozi moja ya viatu. Navo aliikunja sketi kiunoni akaibana kwa pini, na viatu akavijaza matambara. Wanaume wenzake walimsifu kwa akili ya kubana matumizi. Mkewe, Mama Nakunda, alimwambia kwamba tangawizi ya msimu ule ingetosha sare mbili na bati kidogo. Eliamini akaenda kuulizia bei ya bati.

Kila mchana Nakunda alimngoja mdogo wake kwenye migomba nyuma ya shule, amejifunga kanga. Navo akicheleweshwa na mwalimu, Nakunda naye alichelewa, akachapwa. Mvua za masika zilipoanza aliivaa sare ikiwa imelowa na kukaa nayo hadi jioni. Wavulana walipogundua maficho yake, wakawa wanakuja kumchungulia. Hakumwambia mtu.

Kisha mtihani wa kumaliza shule ukakaribia, na mwalimu mkuu akaagiza darasa la saba lote lihamie asubuhi. Jioni hiyo Mama Nakunda alimweleza mumewe, akidhani sasa hana pa kukwepea.

Eliamini alifikiri kidogo. "Wapokezane siku," akasema. "Leo huyu, kesho yule."

"Baba Nakunda, mtoto ana mtihani."

"Na mimi nina nyumba. Yamebaki mabati machache tu ya kununua."

Nakunda alikuwa jikoni akichochea moto. Alitoka, akasimama mlangoni. "Baba, avae Navo kila siku," akasema. "Mimi nimeacha."

Mama yake alimsihi. Baba yake alimtazama, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeona?" akamwambia mkewe. "Watoto wenyewe wamekubaliana."

Kuanzia kesho yake Nakunda alikwenda kubeba magunia ya tangawizi hadi barabarani, kwenye malori. Siku ya mtihani wenzake walimpita njiani na penseli zao, naye akawapisha, mzigo ukiwa kichwani.

Mwalimu mkuu alipomwita Eliamini na kumwonya kwamba atashtakiwa Nakunda asiporudi kurudia darasa, ndipo aliposhtuka. Alishuka sokoni, akarudi na sare mpya, nzuri, ya kipimo chake Nakunda. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Nakunda aliikunjua, akaitazama, akaikunja tena.

"Mpe Navo," akasema. "Apate ya kubadilisha."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma mama yake. Mwezi haukuisha, Nakunda akashuka mjini Hedaru, kule tambarare, kulea mtoto wa watu. Kila asubuhi aliwapigia pasi sare watoto wakubwa wa nyumba ile.

Nyumba ya Eliamini ikaezekwa. Siku ya kuiingia aliwaita majirani, nami nilikuwapo. Tulikula, tukaisifu nyumba. Mzee mmoja akasema kwamba Eliamini ametufundisha kuweka akiba: amesomesha wawili kwa sare moja.

Mama Nakunda alikuwa anagawa chai. Akaliweka birika chini.

"Sare moja haisomeshi wawili," akasema. "Mmoja alisoma. Mwingine mnakaa chini yake, ndiye hilo bati."

Hakuna aliyegusa chai tena. Eliamini aliinama akawa anatazama vidole vyake, na tukaaga mmoja mmoja. Nakunda hakurudi kuishi katika nyumba ile hata siku moja. Aliolewa huko huko tambarare, na baba yake alipofariki alikuja kuzika, akaondoka jioni.

Tangu hapo mlimani kwetu mzazi akijaribu kubana pale pasipobanika, akamkata mtoto mmoja ili amtoshe mwingine, tunamwambia hilo tu, wala hatumwelezi zaidi: sare moja haisomeshi wawili.