Kifaru Halali Upande

Mchungaji amenipa dakika kumi. Kwa mtu kama mimi dakika kumi ni za kusafishia koo tu, lakini nitajibana. Na ninyi mnaojua kwamba niliacha shule darasa la sita, msinung'unike. Leo sifundishi hesabu. Leo nafundisha pikipiki, na kwenye pikipiki humu ndani hakuna wa kunigusa, hata ninyi mliopakata helmeti mapajani kama mmebeba matikiti.

Palikuwa na dereva mmoja wa bodaboda. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuza shingo. Alikuwa mtu wa Kifaru. Kifaru ni pikipiki, tuseme hivyo, na ile pikipiki ya wapinzani wake tuiite Swala. Majina nimeyatunga mwenyewe, ili asitokee mtu kesho kunidai kwamba nimeharibia kampuni yake biashara.

Je, mmewahi kuwachunguza hawa watu? Mimi nimewachunguza. Mtu wa Kifaru ukimpa magunia matatu ya mkaa hakatai. Atayapanga mpaka yeye mwenyewe akalie tenki, na bado atakuuliza kama una mzigo mwingine. Mtu wa Swala mzigo hataki, ila kwenye kona utadhani anataka kunong'ona na lami. Wa Kifaru wakipishana wanapiga honi mara mbili. Wa Swala wakipishana wananyoosha mguu mmoja, kama jogoo anayejinyoosha asubuhi. Kijiwe chao ni kimoja, njia panda ni moja, abiria ni wale wale, lakini Kifaru wanapanga upande wa duka la dawa na Swala wanapanga upande wa kinyozi. Ukiegesha kusikokuhusu, unaangaliwa mpaka unahama mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mtu wa Kifaru akisimama, anasimamisha pikipiki kwa stendi ya katikati. Imenyooka wima, kama askari kwenye gwaride. Lakini watu wa Swala walikuwa na kamchezo. Kila baada ya muda, mmoja anashuka, anaishika Swala yake usukani, anailaza upande wa kushoto mpaka kioo kinakaribia kugusa vumbi, anahesabu moja, mbili, tatu, anaiinua, anapiga kiki, anaondoka.

Huyu bwana wetu alikuwa akiona hivyo anacheka mpaka anashika tumbo.

"Inamisha, mwanangu, inamisha. Mama mkwe anapita."

Na wenzake wa Kifaru wanapokea: "Inamisha vizuri, hajakuona huyo."

Neno likashika. Watoto wa shule wakipita wanalisema. Kinyozi analisema. Watu wa Swala wakawa wanaitwa Wainamishaji. Yeye mwenyewe akaandika kwa rangi nyeupe nyuma ya kiti chake: KIFARU HALALI UPANDE. Miaka minne maneno hayo yalikuwa pale. Kwa kejeli, nakiri, jamaa alikuwa fundi. Karibu anifikie mimi.

Sasa dada yake akapata mchumba. Baba yao alishafariki, na huyu ndiye mtoto wa kiume peke yake. Kwa hiyo kazi ya kumshika dada mkono na kumpeleka mpaka madhabahuni ilikuwa yake. Ndoa ni saa sita mchana, kanisa liko juu ya mlima, na mchungaji wa kule alisema mapema kwamba saa saba ana ndoa nyingine ng'ambo ya mlima, hasubiri mtu. Asubuhi mama akampigia simu.

"Mwanangu, usije ukachelewa. Dada yako amesema hataki kushikwa na mtu mwingine. Anakutaka wewe."

"Mama, mimi nina Kifaru. Nichelewe kwa lipi?"

Akavaa suti. Akapita sheli, akaona foleni ya mafuta, akasema, ah, Kifaru hanywi sana, nitafika. Akaanza kupanda.

Alipofika katikati ya mlima, mahali ambapo hakuna nyumba wala duka la mafuta ya chupa, ni migomba tu kushoto na korongo kulia, Kifaru akakohoa. Akakohoa tena. Akanyamaza. Bwana harusi mdogo, maana ndivyo alivyokuwa amevaa, akashuka. Akageuza koki ya akiba. Akapiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Wapi. Akatazama saa: tano na dakika ishirini.

Na hapo hapo, nani anakuja? Mtu wa Swala. Nyuma amempakia mama mmoja aliyepakata kuku. Akapunguza mwendo, akatazama, akaelewa palepale. Akaita:

"Kaka, inamisha."

Nawauliza ninyi, mngekuwa mmemdhihaki mtu kwa neno moja miaka minne, halafu siku mmekwama barabarani na suti yenu anawarushia neno hilo hilo, mngesikia nini? Msinijibu kitakatifu. Jibuni kweli.

Jamaa akasema, "Cheka tu. Leo zamu yako."

"Sicheki, kaka. Ilaze kushoto, ilale kabisa, halafu iinue."

"Hujasoma nyuma ya kiti?"

Yule wa Swala akasogea akasoma. Akafungua mdomo, kama anataka kueleza. Lakini yule mama mwenye kuku akamgonga bega: "Twende, mwanangu. Huyo kaka wa watu ameshiba." Wakaondoka.

Basi mtu wetu akaanza kusukuma. Mlima. Suti. Viatu vya kuazima. Alisukuma dakika thelathini, na ile pikipiki aliishikilia wima kama mshumaa, maana hata pale, peke yake na migomba, hakutaka ionekane imeinama. Saa sita kasoro kidogo akasikia wimbo kwa mbali, ule wa kumwingiza bibi harusi. Kanisa liko juu, kona mbili tu. Hasira zikampanda. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi yake, wima, akazunguka upande wa kulia, akarudi nyuma hatua mbili, akaipiga teke.

Kifaru akaanguka. Akaanguka kushoto. Akalala upande.

Jamaa akaona aibu, akaenda kuiinua. Kwa mazoea tu, mguu ukapiga kiki.

Ikawaka.

Alisimama pale akiisikiliza kama mtu anayemsikiliza marehemu akipiga chafya. Akafungua kifuniko cha tenki, akachungulia. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo elimu yangu inapowazidi wenye vyeti. Tenki la pikipiki ndani lina mgongo katikati, kama tandiko juu ya punda. Huku bonde, kule bonde. Bomba la kupeleka mafuta kwenye injini liko bonde la kushoto. Mafuta ya kushoto yakiisha, ya kulia yamebaki pale pale, yametulia, hayana njia ya kuvuka mgongo. Ukiilaza kushoto, yanavuka. Swala hivyo, Kifaru hivyo, zote hivyo. Wainamishaji hawakuwa wanamsalimia mama mkwe. Walikuwa wanavusha mafuta.

Akapanda mbio. Alipofika mlangoni, mjomba wao alikuwa ameshamfikisha dada mbele, anamwachia mkono. Jamaa akakaa benchi la mwisho, suti ina tope goti moja.

Baada ya ibada dada akamfuata nje na shela lake. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Kaka, ulikuwa wapi?"

"Mafuta yaliniishia njiani."

Dada akatazama ile Kifaru. Injini ilikuwa bado inanguruma, alisahau kuizima.

"Yaliisha," akasema, "na hii imefika hapa kwa maji?"

Aseme nini? Aseme, dada yangu, mafuta nilikuwa nayo, nimeyasukuma mlima mzima, na aliyenionyesha njia ya kuyapata nilimfukuza kwa sababu neno lake lilikuwa tusi nililolitunga mimi?

Wapendwa, jambo linalonishangaza si kwamba alicheka. Kucheka mimi nacheka, na wengine humu nimewacheka wiki hii. Linalonishangaza ni miaka minne. Kijiwe kimoja, hatua kumi kutoka duka la dawa mpaka kwa kinyozi, na hakuna siku aliyovuka akauliza, "Hivi ninyi mnailaza kwa nini?" Swali la pumzi moja. Hata mtoto wa chekechea angeuliza. Yeye alikuwa na jibu tayari, na jibu lake lilikuwa kicheko.

Na sisi je? Sisi tunaoomba kwa kelele tunasema wale wanaoomba kimya wamelala. Sisi tunaoomba kimya tunasema wale wa kelele wanadhani Mungu ni kiziwi. Kwaya ya vijana inawacheka akina mama kwa kufunga siku tatu kabla ya kuimba. Akina mama wanawacheka vijana kwa kuimba huku wanalia. Nani kati yetu amewahi kuvuka ile njia ya katikati, akakaa karibu na mwenzake, akamuuliza kwa nini? Tunamwomba Mungu kila Jumapili atuongezee nguvu, tunapiga kiki mpaka shati linaganda, na huenda anatutazama tu, anajua kwamba tumejaa upande mmoja. Haongezi. Anamtuma mtu tuliyemcheka, aje atuambie tuinamishe. Nasi tunamwonyesha maandishi nyuma ya kiti.

Dakika zangu zimekwisha, mzee wa kanisa ananionyesha saa kana kwamba siioni. Namalizia.

Asubuhi nilipoingia nilitazama pikipiki zenu hapo nje. Za aina moja ziko ukutani kule, za aina nyingine ziko kwenye michongoma huku. Katikati mmeacha uwazi ambao lori lingepita. Kwenye nyumba ya Bwana. Mkitoka, kabla ya kuvaa hizo helmeti, kila mtu avuke ule uwazi, amtafute mmoja wa upande wa pili, amuulize jambo moja analolifanya mwenzake, ambalo yeye amekuwa akilicheka. Uliza kisha funga mdomo. Jibu likija usilichekee.

Maana yule dada ameolewa mara moja, na ule mkono ulishashikwa na mtu mwingine.