Shuka ya Nakadori

Mfuma kwa siri hufunikwa nusu.

Ndilo neno mlilolisikia mchana, shangazi yenu alipomwona mmoja wenu akiwageuzia wenzake mgongo ili wasione anavyofuma. Mkacheka. Kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi, nami sikucheka, kwa sababu neno hili lina mwenyewe, na mwenyewe amelala pale juu nyuma ya kanisa. Kaeni basi. Hizo kulabu ziwekeni chini kwanza, hamuwezi kunisikiliza huku mnahesabu mistari.

Chanzo chake ni hiki. Huku milimani kwetu Upareni, akina mama wa kanisa walikuwa wakikutana kila Alhamisi kufuma. Walifuma vitambaa vya makochi, vya meza, hata vya kufunika redio, maana siku hizo redio nayo ilivishwa. Lakini kazi kubwa ilikuwa moja. Mwanamke akishapata mjukuu, alianza kufuma shuka yake ya mwisho, nyeupe, ya kulazwa juu ya jeneza lake kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakuna aliyeona kuwa ni uchuro. Waliifuma wakinywa chai na kutaniana.

"Ya kwako imefika wapi?"

"Magotini."

"Punguza mwendo, mwenzangu, huko unakokimbilia hakuna chai."

Mtu akiugua au akifa kabla hajamaliza, wenzake walikaa wakamalizia. Mwiko wao ulikuwa mmoja: usitie ua lako kwenye shuka ya mwenzio. Unafuata alivyoandika mwenyewe. Kwa hiyo kila mama aliuandika mfumo wake kwenye karatasi, kwa kifupi, kwani karatasi zilikuwa za shida na mfumo ni mrefu. M ilikuwa mnyororo, N nguzo, NN nguzo ndefu, F fundo. Mgeni akijiunga alifundishwa alama hizo kabla hajapewa hata uzi. Zilikuwa mali ya wote, kama kisima.

Aliyekuwa na mkono mzuri wa kufuma kuliko wote ni Nakadori, mama yake Nanzia. Yeye ndiye aliyebuni ua la waridi lililoinuka juu ya kitambaa, ukilibonyeza linakusukuma kidole. Mama Zefania, rafiki yake tangu usichana, akaiona karatasi, akaisoma, akalifuma lile waridi kwenye vitambaa vya makochi yake. Hakuiba kitu. Ndivyo walivyozoea kufanya. Ila siku moja Nakadori yuko sebuleni kwa Mama Zefania, mgeni akayasifu yale maua na kumpongeza mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaitikia asante, asimtaje aliyeyabuni. Basi. Chai ilimshinda Nakadori, akaaga mapema, akapanda kwake amevimba.

Tangu hapo aliziacha alama za wote akatunga zake. Unyayo wa kuku, mwezi mchanga, msalaba, jicho, ndoano. Akiona mtu anaikodolea sana karatasi yake, anazigeuza: unyayo wa kuku uliokuwa nguzo unakuwa mnyororo, na ndoano inachukua kazi ya msalaba. Alijisifu kwamba hata mchawi asingezisoma.

Binti yake alimwomba zaidi ya mara moja. "Mama, nifundishe basi hata mimi."

"Haraka ya nini? Unataka kunizika?"

"Sivyo, mama. Ni kujua tu."

"Nikimaliza utaiona."

Nanzia angefanyaje? Na mama yake, nisimsingizie, hakuwa mchoyo wa kitu kingine. Mbegu alitoa, maziwa alitoa, ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria kichwani. Uchoyo wake wote aliuweka mahali pamoja.

Nusu ya kwanza ya shuka yake ilikuwa mawaridi matupu, kila mtu aliyaona na kuyatamani. Nusu ya pili, alisema, itakuwa kitu ambacho macho ya huku hayajawahi kukiona. Kitu hicho kilikuwa kichwani mwake na kwenye karatasi tu.

Kiharusi kilimkuta uani akiosha maharage. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa, na ulimi nao. Zahanati wakawaambia wanawe kwa upole wamrudishe nyumbani wakae naye. Masikio yalibaki hai, na macho, na alimjua kila aliyeingia. Kwa hiyo alilala pale akisikia yote, hata waliyonong'ona mlangoni. Aliwasikia wakisema hafiki Pasaka.

Aliogopa, mtu gani asiogope? Lakini lililomuuma zaidi ni ile shuka iliyokatika katikati. Alitaka kuiona imefika miguuni. Alimkazia macho Nanzia, kisha akakitazama kikapu cha nyuzi, kisha Nanzia tena, mpaka binti akaelewa.

Alhamisi wakaja wote. Mvua ya milimani ile isiyokatika ilikuwa ikinyesha, chumba kikanuka makoti mabichi. Kulabu akapewa Mama Zefania, kwa kuwa baada ya Nakadori mkono ulikuwa wake. Akaifungua karatasi, akaitazama, akaigeuza juu chini.

"Hii si yetu," alisema.

"Zipo alama zake mwenyewe, mama mdogo," Nanzia akasema kwa aibu. "Ngoja tumuulize."

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, ukifumba macho, ndiyo. Ukiyaacha wazi, hapana. Umenisikia?"

Nakadori akafumba. Wanawake wakashusha pumzi, mmoja akasema Bwana asifiwe. Naye moyoni alifurahi kuliko wote. Ile hasira ya miaka yote ilimtoka mara moja, akashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Waulize, alijisemea, wachukue yote, wakifuma hata kwenye mifuko ya viazi ni sawa.

"Huu unyayo wa kuku. Ni nguzo?"

Akautazama. Aliutambua mwandiko wake, akautambua hata wino. Lakini maana haikuja. Alisubiri, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Nguzo? Ilikuwa nguzo kabla ya mavuno, au ilikuwa nguzo baada ya mavuno? Akahamia kwenye mwezi, kwenye jicho, kwenye ndoano. Zote zilikuwa michoro tu. Alitafuta katika kichwa chake hadi kikamuuma, na hakuna alichokipata.

"Mama? Kama si nguzo, ni mnyororo?"

Macho yalibaki wazi.

"Nguzo ndefu? Ni fundo, mama?"

Yakabaki wazi. Angefumba angewadanganya. Kati ya ndiyo na hapana hawakuwa wamemwachia mahali pa kusema sijui.

Wakamuuliza alama zote, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja jibu lilikuwa lile lile. Mwishowe Mama Zefania akaiweka kulabu juu ya blanketi. Hakumwita Mama Nanzia kama alivyomwita siku zote.

"Hata sasa, Nakadori?" aliuliza. "Hata sasa? Mpaka hapa mimi bado mwizi wako?"

Machozi yalimtiririka Nakadori hadi masikioni. Waliyaona. Wengine wakasema ni uchungu wa ugonjwa, wengine wakasema ni hasira. Mama Zefania akafunga uzi palipoishia waridi la mwisho, akaukata, na wote wakatoka mmoja mmoja wakitafuta miavuli yao.

Nakadori hakuifikia Alhamisi iliyofuata.

Siku ya maziko shuka ililazwa juu ya jeneza ikaishia kiunoni. Kutoka hapo hadi miguuni zilikuwa mbao tupu, zenye mvua. Mama Zefania alikuja na shuka yake mwenyewe, aliyokwisha kuimaliza, ameikunja kwapani ndani ya kanga. Alikuwa ametoka nayo nyumbani ili aiweke pale miguuni. Alipofika kaburini akayakumbuka yale macho yaliyokataa kufumba, akaibana zaidi. Mgeni mmoja kutoka tambarare akamgusa bega akamuuliza, "Mbona nusu?"

Naye akajibu bila kushusha sauti, "Mfuma kwa siri hufunikwa nusu."

Kabla udongo haujakauka, neno lilikuwa limeshateremka na wageni hadi gulioni.

Nanzia alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma. Siku za matanga, akikunja nguo za marehemu, aliikumbuka ile sura ya mama yake mbele ya karatasi, akaketi ghafla sakafuni. Aliijua sura ile. Aliiona kila jioni kwa wazee wanaoonyeshwa herufi kwa mara ya kwanza. Akaenda mbio kwa Mama Zefania.

"Mama mdogo, mama hakutukatalia. Hakuzijua. Alizigeuza mara nyingi mno, na ugonjwa ukamalizia. Alikuwa hazijui hata yeye."

Mama Zefania aliacha kufuma. "Mbona hukusema pale pale?"

"Nilikuwa naiangalia karatasi. Sikumwangalia yeye."

Mama yule akaanza kulia kwa sauti kama aliyepata msiba siku hiyo. "Na mimi nilikuwa nayo kwapani," alisema. "Nanzia, nilikuwa nayo kwapani."

Alijaribu kulirudisha lile neno. Kila alipolisikia aliwaambia watu waliache. Lakini neno likishuka mlima halipandi tena, na watu wanalitumia hadi leo kumcheka mchoyo. Ninyi mkilisema, msicheke. Nakadori mwishoni alitaka kuwapa wenzake kila kitu, ila mlango alioufunga kwa ajili yao alikuta umemfungia nje na yeye, na waliompenda wakamzika wakiwa wamemkasirikia.

Mfuma kwa siri hufunikwa nusu.