Maji ya Kaunti, Ukingo wa Wilaya

Mpo?

— Tupo.

Masikio yako wazi?

— Wazi kabisa.

Na midomo?

— Tumeifunga.

Mwongo mmoja anatafuna njugu huko nyuma, lakini tumsamehe. Haya, nawapa ngano, na mkishaipokea msinirudishie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na akili kama zetu na serikali kama yetu, palikuwa na nyika iitwayo Kimbungo. Mvua ilikata. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata umande ukawa unatoka kwa kujificha. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko, tumbo kule, makalio huku.

Zamani mnyama alikuwa anakuja, anainama, anakunywa, anaondoka. Kiboko akasema huo ni ushamba. Akawatangazia wanyama kwamba sasa wamepata maendeleo, serikali imesogezwa karibu na wananchi. Tena imesogezwa mara mbili, maana kuna Kaunti na kuna Wilaya. Maji ni ya Kaunti. Ukingo unaosimama juu yake ukinywa ni wa Wilaya. Samaki akiwa hai ni wa Kaunti, akifa ni wa Wilaya. Chura akiwa majini anahesabiwa huku, akiruka nje anahesabiwa kule, na akiwa bado hewani suala lake linajadiliwa. Wanyama wakapiga makofi, pa pa pa. Hawakuelewa kitu, lakini jambo lilionekana kubwa, na jambo kubwa hupigiwa makofi.

Basi mwenye kiu anakwenda mashariki, kwenye ofisi ya Kaunti. Anamkuta Gavana ndani ya maji, macho na masikio tu juu, jani la yungiyungi kichwani. Anaweka mzigo wa majani mabichi, anaomba maji. Gavana anakula, kweche kweche kweche, kisha anasema, "Maji nimekupa. Lakini utasimama wapi? Kusimama ni suala la Wilaya. Zunguka upande wa pili."

Anazunguka bwawa zima juani. Magharibi anamkuta Mkuu wa Wilaya ndani ya maji, macho na masikio tu juu, tete la ukingoni kichwani. Anaweka mzigo mwingine. Mkuu anakula, kweche kweche kweche, kisha anasema, "Kusimama nimekuruhusu. Lakini utakunywa nini? Kunywa ni suala la Kaunti. Zunguka upande wa pili."

Na akirudi mashariki anakutana na Ngiri, tarishi wa ofisi zote mbili, ambaye mshahara wake ulikuwa ruhusa ya kugaragara kwenye tope. Ngiri anamwambia Mheshimiwa hayupo, yuko mkutanoni. Waliobahatika walipewa kulamba tope, wakashukuru.

Mwenye shida kuliko wote alikuwa Bi Digidigi. Alijifungua katikati ya ukame, mtoto mwenyewe miguu kama njiti, akinyonya anapata hewa. Digidigi alizunguka lile bwawa mpaka kwato zikaisha, na bado maziwa hayakuja. Asubuhi moja mtoto akajaribu kusimama, akashindwa, akamtazama tu mama yake. Moyo ukamuuma Digidigi, halafu akapandwa na hasira. Akabeba mzigo wake wa mwisho wa majani, akaenda zake.

Sasa sikilizeni. Wanyama wengine wakifika mbele ya waheshimiwa walikuwa wanainama mpaka pua inagusa chini, kwa hiyo walichokijua zaidi kuhusu serikali yao ni tope. Digidigi hakuwa na haja ya kuinama, alishaumbwa hukohuko chini. Akatazama, akaona sikio la kushoto la Gavana limechanika. Akazunguka, tiku tiku tiku, akaona sikio la kushoto la Mkuu wa Wilaya limechanika, palepale. Na wakati yeye anazunguka ukingoni, tiku tiku tiku, kuna mapovu yalikuwa yanakatiza katikati ya bwawa, blu blu blu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Pundamilia angemshauri apeleke malalamiko Wilayani.

Akarudi mashariki. Akaamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa Gavana."

"Marahaba. Zunguka upande wa pili."

Digidigi akasema atazunguka, ila ana uchungu kwa niaba ya Kaunti. Yule Mkuu wa Wilaya kazi yake ni ukingo, lakini kila siku anakutwa amelala ndani ya maji ya Kaunti, mwili mzima, bila kibali. Gavana akakohoa. Akasema hilo ni jambo dogo. Digidigi akasema si dogo, linahitaji sheria, na sheria inahitaji faini nono ya majani, na kwa kuwa haifai mheshimiwa kulipa mwenyewe, bila shaka faini yake italipwa na wananchi.

Masikio ya Gavana yakasimama, lile zima na lile bovu.

"Wewe ni mdogo," akasema, "lakini una uchungu na nchi."

Digidigi akaongeza kaneno kadogo, kama mtu anayetia chumvi. Akaomba sheria iseme pia kwamba Mkuu wa Wilaya akishatoka majini asirudi mpaka Gavana amruhusu, ana kwa ana, mbele ya wananchi. Gavana alikuwa tayari anatafuna majani ambayo hayajaletwa. "Weka," akasema. "Weka na hiyo."

Tiku tiku tiku. Blu blu blu.

Magharibi, Digidigi akamlilia Mkuu wa Wilaya kwamba Gavana anapanda ukingoni kula nyasi za Wilaya. Mkuu akakohoa kikohozi kilekile. Alipofika kwenye faini, masikio yakasimama yaleyale. Sheria hiyo nayo ikapita: wa Kaunti asionekane ukingoni. Faini, wananchi walipe.

Ngiri akazitangaza sheria zote mbili. Wanyama wakasikitika, kisha wakapiga makofi, kisha wakaenda kukwangua nyika nzima kutafuta majani ya faini za wakubwa wao. Digidigi akawaelekeza wayarundike ukingoni, juu kidogo, mbali na maji, kwamba hapo viongozi wote wawili watayaona vizuri.

Jua la utosi. Kiboko akayaona. Mate yakamtoka. Akamtuma Ngiri ayalete, lakini Digidigi akasema kilichoko ukingoni ni mali ya Wilaya, hakiingii kwenye maji ya Kaunti. Kiboko akazama, akafikiri kadiri tumbo lilivyomruhusu. Akitoka na jani la yungiyungi, amevunja sheria mbele ya wote. Akitoka na tete, yuko kwake. Akajichomeka tete, akatoka. Bwata, bwata, bwata.

"Nani mwenzetu?" akauliza Digidigi.

"Mkuu wa Wilaya. Nimesimama kwenye ukingo wangu."

"Umesimama vizuri, Mheshimiwa."

Akala rundo lote, kweche kweche kweche, wanyama wakimwangalia. Jua likamchoma. Ngozi ikaanza kupasuka, jasho jekundu likamtiririka. Akageuka arudi majini. Njiani akamkuta Digidigi, mtoto wake kamlaza miguuni pake.

"Maji ni ya Kaunti, Mheshimiwa," akasema Digidigi. "Umpate Gavana akuruhusu, ana kwa ana. Ni sheria."

Kiboko angeweza kumkanyaga. Lakini nyika nzima ilikuwa inatazama. Na akisema Gavana ni yeye, basi amekutwa ukingoni, na mizigo miwili ya kila siku inakuwa mmoja, na watu wataanza kuuliza ule mwingine ulikuwa unakwenda wapi. Tumbo likakataa. Akaligeukia bwawa, akaita, "Mheshimiwa Gavana."

Akapaza sauti zaidi.

"Mheshimiwa Gavana, naomba kuonana nawe."

Ngiri, kwa mazoea ya kazi, akajibu, "Hayupo. Yuko mkutanoni."

"Nifanyeje sasa?"

Digidigi alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu, na hakuficha furaha yake. "Zunguka upande wa pili," akasema.

Kiboko akazunguka. Na kwa kuwa Gavana alikuwa mkutanoni, na Wilaya iko safarini, wanyama wakasogea wakanywa, gubu gubu gubu. Mtoto wa Digidigi alikunywa mpaka akapiga chafya, akasimama.

Jua lilipozama, Kiboko aliingia majini kama mwananchi wa kawaida, bila jani, bila tete, akiomba kupishwa. Ndiyo maana mpaka leo mchana hatoki nje, na jasho lake ni jekundu. Wanyama wengine bado wanasema uongozi wa zamani ulikuwa mzuri. Wamemtunzia Gavana majani yake, na wanamsubiri atoke mkutanoni.

Fundisho, watoto: tuziheshimu ofisi zote, kila moja kwa kazi yake. Ukipita mbele ya mkubwa, inama, usimtazame masikio. Na ukiambiwa zunguka, zunguka.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imekwenda zake. Na wewe uliyekuwa unatafuna njugu, maganda usiniachie hapa. Mimi nasimulia tu. Kufagia ni suala la Wilaya.