Mluzi wa Mama Tohe

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Paukwa!

— Pakawa!

Kaondoka mama, kamwacha mwana nyasini!

— Je, alirudi?

Ngojeni. Haraka ya nini, na ngano bado haijakaa kitako?

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisemezana, alikuwapo Mama Tohe. Tohe mnamjua? Ni ndugu yake swala. Anakaa kwenye nyasi ndefu, na mluzi wake unatoka puani, mkali, wa kupasua masikio.

Kwa mluzi huo Mama Tohe alipewa kazi. Kila siku wanyama waliposhuka bwawani kunywa, yeye alisimama juu ya kichuguu kuwalinda. Akimwona Simba, fyuuu! Wote mbio. Ujira wake ulikuwa kunywa wa kwanza, maji yakiwa safi, kabla kwato hazijayavuruga. Na kazi aliipenda, sitawaficha. Juu ya kichuguu alijiona naye ni mtu, ijapokuwa ni tohe.

Basi Mama Tohe akazaa. Mtoto akaitwa Semeni, kwa maana majirani walianza kusema hata kitovu hakijakauka.

Desturi ya matohe ni moja. Mtoto mchanga hamfuati mama. Hulazwa nyasini, mama akaenda zake, akarudi mara moja tu, jua likipinduka, kumnyonyesha. Mama Tohe akamwambia mwanawe, "Semeni, mluzi mmoja, lala usitikisike. Miluzi miwili, inuka, ni mimi." Akamlamba, akaenda kazini.

Njiani akakutana na Mama Nyumbu.

"He! Mama Semeni! Mtoto umemwacha na nani?"

"Nimemlaza nyasini."

"Nyasini! Peke yake! Wangu mimi alizaliwa asubuhi, adhuhuri alikuwa nyuma yangu anakimbia. Mtoto haachwi, shoga. Mtoto unakwenda naye."

Mama Tohe akachanganyikiwa. "Labda mimi ni mama mbaya," akawaza. Kesho yake akamchukua Semeni mpaka kichuguuni. Lakini miguu ya Semeni ilikuwa haijakaza. Akaanguka, akalia, akataka ziwa. Mama akainama kumtazama, na kule chini Simba akatokea. Fyuuu! Mluzi ulitoka, ila ulichelewa. Punda Milia akaacha nusu ya mkia kwenye kucha za Simba.

"Kazi au mtoto!" akafoka Punda Milia. "Chagua!"

Akarudi nyumbani kichwa chini. Akakutana na Mama Ngiri, amekaa mlangoni pa shimo lake.

"Acha kazi, jirani," akasema Mama Ngiri. "Kaa na mwanao. Mimi nikiwa na wangu shimoni, nani atawagusa?"

Mama Tohe akakaa. Siku ya kwanza akakaa, siku ya pili akakaa, siku ya tatu akakaa. Lakini bila kazi hakuna ujira. Akishuka bwawani anakuta matope, anakunywa matope. Siku ya tatu maziwa yakapungua. Semeni akavuta ziwa, akavuta, akaliachia, akamtazama mama yake usoni. Mama Tohe akalia. Lo, iliuma!

Na bwawani je? Wanyama walikunywa jicho moja majini, jingine porini. Wakasema, "Huyo Tohe mvivu. Mtoto mmoja tu, kazi imemshinda."

Jamani, mmesikia? Akienda, mbaya. Akikaa, mbaya. Mimi msimulizi mwenyewe kichwa kinaniuma, sembuse yeye.

Siku ya nne akaja Kanga na madoadoa yake, mwingi wa maneno.

"Dada, mbona ni jambo dogo? Nenda kazini, lakini uwe unachungulia. Unachungulia, unarudi. Unachungulia, unarudi. Mama mwema ni yule anayechungulia."

Mama Tohe akafurahi. Akarudi kichuguuni. Kundi moja likimaliza kunywa, mbio nyasini: Semeni yupo? Yupo. Mbio kichuguuni. Mara tatu, mara nne, mara tano kabla ya adhuhuri. Nyasi zikaanza kulala. Siku ya tatu ya kuchungulia ikawa njia, imenyooka, kutoka kichuguuni mpaka kichwani kwa mtoto.

Hapo ndipo alipokosea, maana desturi ya matohe ilikuwa na sababu yake. Mtoto mchanga wa tohe hanuki. Kinachomfichua ni nyayo za mama yake.

Fisi akapita. Akasimama. "Njia hii juzi haikuwapo," akasema. "Inakwenda kwa nani?" Akaishika.

Kutoka juu ya kichuguu, Mama Tohe akauona mgongo wa Fisi ukiingia nyasini. Na bwawani kundi zima la nyumbu lilikuwa limeinamisha vichwa, na watoto wao katikati. Akishuka, hawa nani atawalinda? Asiposhuka, Semeni! Huku au huku? Ndipo akapiga mluzi mmoja, mrefu, uliotoka tumboni kabisa, akaruka chini.

Nyumbu wakatimka. Simba yuko wapi? Hayupo. Wakashangaa, hawajui wakimbilie wapi. Wakamwona mlinzi wao anakimbia peke yake kwenye ile njia, na Mama Nyumbu ndiye aliyeelewa kwanza.

"Mwanawe!" akapiga kelele. "Jamani, mwanawe!"

Wakamfuata, pembe mbele, vumbi juu. Fisi alikuwa amekwisha inama. Aliposikia kwato, akafyata mkia, akatokomea.

Semeni alikuwa amelala vile vile, masikio chini, macho wazi. Mate ya Fisi yalikuwa yakimtiririka mgongoni. Alisikia mluzi mmoja, na hakutikisika. Mama yake akapiga miluzi miwili, wa pili ukakatika kwa kilio. Semeni akainuka akitetemeka, akaenda moja kwa moja kwenye ziwa.

Kelele zikawaleta Mama Ngiri na Kanga, kisha akatokea Baba Semeni. Alikuwa kilimani anapimana pembe na matohe wenziwe. "Kuna nini?" akauliza. Wanyama wote wakageuka wakamtazama. Siku hiyo alitamani pembe zake zirudi ndani ya kichwa.

Mama Tohe akasema, "Nikimleta, mnasema. Nikikaa naye, mnasema. Nikimwacha, mnasema. Misimu mitatu nimewalindia watoto wenu. Wangu mimi, nani amemlinda hata siku moja?"

Kanga akaanza kudonoa vumbi, kana kwamba ameona punje.

Mama Nyumbu akainamisha kichwa. "Kesho nitapanda mimi kichuguuni, Mama Semeni. Mluzi sina, lakini kukoroma najua." Mama Ngiri akasema atachimbachimba jirani na zile nyasi, ili Fisi aone meno. Na Baba Semeni akaambiwa apimane pembe zake pale pale karibu, macho kwa mtoto, wala asikanyage nyasi zikawa njia tena.

Basi Mama Tohe akaendelea na kazi. Je, moyo wake ulitulia? Haukutulia. Hata leo mkimwona tohe juu ya kichuguu, shingo inageuka bwawani, inageuka nyasini, inageuka bwawani, msimwite mwoga. Ana watoto pande mbili, na shingo ni moja.

Wenzangu, mafunzo ni haya: anayelinda wana wa wenziwe, mwanawe naye alindwe. Na maneno ya majirani hayanyonyeshi mtoto.

Ngano yangu nimeilaza nyasini. Ikiwafaa, ipigieni miluzi miwili, iamke mwende nayo. Isipowafaa, iacheni ilale, nitaifuata mwenyewe.