Kipete cha Waya Mweusi

Mtu akitaka kujua nguvu ya kamba haangalii unene wake wala uzuri wa rangi yake. Huipitisha mkononi polepole, akitafuta mahali nyuzi zilipochakaa, kwa maana uzito ukija, hapo ndipo itakapoachia. Wahenga waliliona hilo zamani wakasema kwamba kamba hukatikia pabovu. Wengi tunaitamka methali hii bila kuifikiria. Mwanamke mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa nyaya, aliifikiria sana asubuhi moja ya ukungu, tena akiwa na roho mkononi.

Watu wote gatini walimwita Fundi. Alikuwa na karakana ndogo kando ya gati la boti za matembezi, ukingoni mwa ziwa. Ndani mlikuwa na meza ya mbao yenye madoa ya lehemu, droo za skrubu, na ukuta mzima wa nyaya zilizoning'inizwa kwa rangi zake. Kazi yake ilikuwa kufunga redio za mawasiliano, skrini za ramani na vipima kina. Hakukabidhi boti kwa mwenyewe kabla ya kuvuta kila kiungo cha waya kwa vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Wenye boti walimtania kwamba angeweza kuvuta hata masharubu ya mteja ili ahakikishe yameshika.

Baba yake alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na minne, na kwa kuwa hakuwahi kuingia stesheni akiwa amechelewa kwa uzembe wake, watu walimbandika jina la Mzee Dakika. Alipostaafu, yeye na mkewe walinunua boti kuukuu ya faiba, ya mita sita, yenye kibanda kidogo mbele. Majirani walishangaa. Mama, ambaye naye alikuwa nesi mstaafu, aliwajibu bila kupepesa macho. "Miaka yote hiyo nimempungia mkono stesheni," alisema. "Sasa nami napanda."

Fundi aliapa kwamba boti hiyo haitaondoka gatini na wazazi wake ndani yake kabla haijawa na redio na ramani. Kazi ilimchukua siku tatu. Alitoboa paa la kibanda, akasimamisha antena, akaziba tundu kwa gundi isiyopitisha maji. Aliifunga skrini kando ya usukani, mahali ambapo baba angeiona bila kuinama, na redio chini yake. Kisha akazipitisha nyaya nyuma ya dashibodi, akizifunga mafungu mafungu kama mwanamke anayemsuka binti yake siku ya kwanza ya shule. Nyaya zote nyeusi zilikutana kwenye kipande kimoja cha shaba, na kutoka hapo waya mmoja tu, mweusi na mnene, ulishuka hadi kwenye betri. Umeme wa redio na wa skrini ulitegemea njia hiyo moja.

Siku zote hizo Mzee Dakika alikaa pembeni akimpokeza bisibisi na koleo, akiuliza maswali, na mara nyingine akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Siku ya tatu alikohoa kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Niachie kazi moja, mwanangu. Nami niseme nimeifunga boti yangu."

Fundi alimwachia ule waya mnene. Alimwonyesha namna ya kuvua ganda, kuingiza nyuzi za shaba ndani ya kipete, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika ncha ya waya, kukibana kwa koleo hadi kishike, kisha kukikaza kwa skrubu. Mzee aliinama, ncha ya ulimi ikiwa imetokeza pembeni mwa midomo. Tangu mwaka uliopita mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kikombe chake kilijazwa nusu siku hizi, na yeye hakuuliza kwa nini. Alibana mara moja, koleo likateleza. Akabana tena, akakaza skrubu, akainua uso uliong'aa. Mama alimpigia makofi, akafungua chupa ya chai.

Mzee alipogeuka kupokea kikombe, mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye ule waya, kama ulivyozoea. Akauvuta. Ukacheza kidogo ndani ya kipete, kama jino la mtoto linalokaribia kung'oka.

Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimtazama baba yake akinywa chai kwa raha, akakumbuka jinsi mzee huyo alivyomletea redio mbovu alipokuwa na umri wa miaka tisa, akakaa naye kwenye sakafu ya jikoni hadi walipoifufua. Angewezaje kumkata maini mtu kama huyo, tena mbele ya mkewe, kwa kazi moja tu aliyoiomba? Aliuma ulimi. Moyoni alipanga kwamba Jumatatu, wazazi wakiwa kliniki, angerudi kimyakimya na kukibadilisha kile kipete, na mzee asingejua kamwe.

"Imekaa vizuri, baba," alisema.

Walijaribu redio pale pale gatini, ikatoa sauti safi kama kengele.

Jumamosi asubuhi mzee alimpigia simu kumwarifu kwamba yeye na Mama wanakwenda kuzunguka kisiwa, na kwamba watarudi saa nne kamili. Fundi alikuwa amelala chali ndani ya boti ya mteja, tochi mdomoni. Waya ule ulimjia akilini. Alitaka kusema wasubiri, lakini angesema wasubiri nini? Akatupa jicho nje. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Akajiambia kwamba siku kama hiyo hakuna cha kuutikisa waya, akawatakia safari njema.

Saa tatu na nusu ukungu ulishuka. Ulikuja mzito, ukameza kwanza kisiwa, kisha maboya, kisha hata boti zilizofungwa mwisho wa gati. Saa nne ikagonga. Saa nne na dakika tano Fundi aliweka vifaa chini, na saa nne na robo alikuwa amesimama katika ofisi ya msimamizi wa gati, mbele ya redio kubwa ya ukutani. Simu za wazazi hazikupatikana. Nyuma ya kisiwa hapakuwa na mtandao. Feri kubwa ilikuwa imeshang'oa nanga ng'ambo, na njia yake ilipita katika mkondo ule ule ambao wazazi wangerudia, kati ya kisiwa na nchi kavu.

Redio ilikoroma. "Gati, gati, hapa ni—" Sauti ya baba ikakatika kana kwamba imekatwa kwa kisu. Baada ya muda ikarudi. "Gati, hatuoni, skrini ina—" Ikakatika tena.

Msimamizi alidhani ni mawimbi ya redio yanasumbua. Fundi alijua ni ule waya. Redio inaposikiliza hutumia umeme kidogo sana, lakini ukibonyeza kitufe ili useme hudai umeme mwingi kwa ghafla. Njia ikiwa imelegea, umeme husongwa, redio huzimika na kuwaka upya. Kila mara mzee alipotaka kuita, alikuwa akiizima redio yake, na pamoja nayo ile ramani iliyokuwa macho yake ndani ya ukungu. Mitetemo ya injini kwa muda wa saa mbili ilikuwa imemaliza kazi ambayo koleo liliianza vibaya.

Msimamizi alimwita nahodha wa feri. Nahodha alijibu kwamba amepunguza mwendo na anapiga honi, ila rada yake haikioni kiboti kidogo cha faiba, na mkondo ule ni mwembamba mno kwa meli yake kugeuka. Boti ya uokoaji ilikuwa tayari, lakini ingekwenda upande gani?

Fundi alichukua kipaza sauti. Alijua kwamba baba yake anamsikia. Alijua pia kwamba nahodha anasikia, na msimamizi, na kila mwenye boti aliyefungua redio yake asubuhi hiyo.

"Baba, ni mimi. Usiseme neno lolote. Kama unanisikia, bonyeza kitufe mara moja, uachie."

Kimya. Kisha, ta.

Akamuuliza kama Mama ni mzima. Alisubiri redio iwake upya, akihesabu pumzi zake mwenyewe. Ta. Akapiga moyo konde.

"Sikiliza, baba. Kasoro iko kwenye ule waya mweusi mnene, nyuma ya dashibodi. Ule ulioubana wewe. Kipete hakikushika. Niliuvuta siku ile ile ukacheza, nikakwambia umekaa vizuri. Nilikudanganya."

Kwa mbali, honi ya feri ililia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Fundi alibaki akitazama taa ndogo ya redio, na dakika ile ilikuwa ndefu kuliko usiku wa mgonjwa.

Ta.

Akamweleza kila hatua, kwa sababu mzee akishazima swichi kuu asingemsikia tena. Azime. Alegeze skrubu. Akate kipete akitupe. Avue ganda la waya kiasi cha ukucha wa kidole gumba, azisokote nyuzi, azizungushe chini ya skrubu, akaze kwa nguvu. Kisha likabaki neno moja, lile ambalo nyumbani kwao halikutajwa.

"Na mikono yako inatetemeka, baba. Mpe Mama ashike waya. Yeye amewachoma sindano watoto wanaorusha mateke, huo waya hautamshinda. Wewe kaza skrubu."

Ta. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Msimamizi alimvutia kiti, hakukaa. Nahodha wa feri aliuliza mara mbili kama kuna habari, na mara mbili akajibiwa kwamba hakuna.

"Gati, gati." Sauti ilikuja imara, bila kukatika. "Hapa ni Mzee Dakika. Tumechelewa dakika arobaini na tatu, naomba radhi. Skrini imewaka. Nawasomea mahali tulipo."

Akasoma tarakimu moja moja, kwa sauti ile aliyokuwa akiwasomea wakuu wa stesheni. Nahodha wa feri alizilinganisha na ramani yake. Aliporudi hewani alizungumza taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Alimwambia mzee kwamba yuko mbele yake, karibu mno, ageuze usukani sasa hivi kuelekea kisiwani na asisimame. Mzee aligeuza. Baadaye Mama alisimulia kwamba feri hawakuiona kabisa. Waliusikia tu mngurumo wake ukipita nyuma yao, kisha wimbi likaja likawainua na kuwashusha, na mumewe akamshika mkono.

Walifika saa sita, ukungu ukiwa umeanza kupasuka. Mama ndiye aliyetangulia kushuka. Alimkumbatia bintiye hadi mbavu zikauma, akamwambia kwamba leo ameuguza mgonjwa wa shaba ambaye hakupiga hata kelele. Halafu akaenda ofisini kumshukuru msimamizi, akiwaacha wawili hao peke yao, kwa maana alijua wakati wa kuondoka.

Mzee Dakika alibaki ameketi ndani ya boti. Fundi akaingia, akakaa mkabala naye. Alitaka kuomba msamaha, lakini mzee alimtangulia.

"Hata uliposema imekaa vizuri," alisema, "nilijua koleo lilikuwa limeteleza. Mikono yangu naijua kuliko wewe. Nikasema, huyu ni fundi, huvuta kila waya. Kama hakutaja kasoro, basi pameshika. Kunyamaza kwako nilikuamini kama neno."

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliogopa kukuvunja moyo, baba."

"Moyo wangu umeendesha mabehewa kumi na manane kwenye mteremko, mwanangu. Usingevunjika kwa kipete." Akaivuta mikono yake kutoka mapajani, akaitandaza hewani mbele yao wote wawili, ikitetemeka waziwazi. "Wiki ijayo nitamwambia daktari. Na wewe utakuwepo nikimwambia. Haya, lete koleo."

Alileta lile kubwa, lenye mipini mirefu isiyohitaji nguvu. Mzee akavua ganda, akaingiza nyuzi katika kipete kipya, akabana. Fundi akavuta.

"Bado. Kimelegea," alisema.

Mzee akakikata, akaanza upya. Fundi akavuta tena, akatikisa kichwa, na mzee akaguna, akachukua kipete cha tatu. Walifanya hivyo hadi Mama alipowaita mara mbili kwenda kula, na kipete cha nne kikashika.

Tangu siku hiyo, Fundi alipowafundisha wengine kazi yake, aliwaeleza kuhusu boti ambayo nyaya zake zote zilikuwa imara kasoro moja, na kuhusu nyumba iliyopendana sana huku ikiogopa kuambiana jambo moja. Uzito ulipokuja haukugusa penye nguvu. Ulikwenda moja kwa moja pale palipofichwa, kwenye waya na kwenye ndimi zao, kwa maana kamba hukatikia pabovu.