Joho Lililomtosha Jumbe Peke Yake

Hapo zamani, watu walipokuwa wakichekana mbele ya uso na si nyuma ya mlango, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Mji huo ulikuwa na kipimo kimoja tu. Jumbe wa kwanza alilala chini apimiwe kitanda, fundi akaunyoosha uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, na tangu siku hiyo kila kitu kikapimwa kwa uzi ule. Milango, vitanda, visima, hata jeneza. Aliyelingana na uzi aliitwa mtu wa kadiri. Asiyelingana alipewa jina jipya, na lile alilopewa na mamaye likasahaulika.

Mize alikuwa mwanamke mfupi, kichwa chake kikiishia viunoni mwa watu, basi wakamwita Kigoda. Makame alikuwa mrefu hata hapakuwa na mlango ambao haujampiga kipaji cha uso, wakamwita Mlingoti. Faki alikuwa na kibyongo, wakamwita Nundu. Faki alikuwa hodari wa kujicheka mwenyewe, maana alisema ukitangulia kucheka, wenzio hubakiwa na makombo. Makame alinyamaza tu. Lakini Mize akiitwa Kigoda hujibu, "Mize." Huitwa tena, hujibu tena, mpaka watu wakaona ni mchezo mtamu, wakaufundisha watoto wao.

Mji ule ulikuwa na joho moja la heshima, jeusi, lenye tarizi za dhahabu, lililoshonwa kwa uzi uleule, nalo lilikuwa la Jumbe. Mwenye kuvikwa joho hilo huitwa kwa jina lake mpaka anakufa, na anayemwita kwa jingine hunyimwa salamu na mji mzima. Mize alilitamani joho lile kuliko alivyotamani mume, na si kwamba mume hakumtaka.

Sasa, desturi ya Kitopeni ilikuwa hivi: kila siku ya mwaka mpya Jumbe huinama kisimani, ajitazame uso majini, kisha auambie mji, "Tu wazima, na tu wazuri." Hapo ndipo watu huanza kula. Mwaka ule Jumbe Mwinyimvua, mtu wa kadiri kuliko wote, alijitazama. Akajiona amependeza. Akainama kidogo ajione vizuri zaidi. Akainama tena. Watu wakasikia chubwi.

Wanaume wa kadiri wakakimbilia kisimani, wakakwama pale pale. Kisima nacho kilichimbwa kwa uzi uleule: kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kadiri na ndoo yake, na mtu huyo alikuwa ameshaingia. Jumbe alikuwa kule chini, maji kifuani, mkono umeteguka, hawezi kujifunga kamba. Na kapi la kisima, lile gurudumu la kupitishia kamba, lilikuwa limevunjika tangu mavuno, kila mmoja akimngoja mwenziwe alitengeneze.

Ndipo Mize akasema kwamba yeye ni wa kadiri ya ndoo. Watu wakacheka kwa mazoea, kisha wakaacha, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Makame akapanua miguu yake mirefu, mmoja ukingo wa huku, mwingine ukingo wa kule. Faki akajikunja mbele yake, kamba ikapita juu ya kibyongo chake kama inavyopita juu ya kapi. Mize akateremshwa gizani, akishikilia mawe, mpaka miguu yake ikagusa bega la mtu.

"Nani wewe?" Jumbe akauliza, meno yakigongana.

"Mimi Mize."

"Mize, mwanangu, usiniache. Mize, atakayenitoa humu joho ni lake. Mize, unanisikia?" Alilirudia jina lile kama mtu anayevuta uradi. Mize hakuwahi kulisikia likitajwa hivyo tangu mamaye afariki, na pale pale kwenye baridi aliona raha. Akajifungua kamba, akamfunga Jumbe kifuani, akajinata ukutani. Makame akavuta, Faki akaguna, Jumbe akapanda.

Juu vigelegele vikapasuka. Jumbe akabebwa kwenda kukandwa mkono. Mize, vidole kwenye nyufa za mawe, akavisikia vigelegele vikienda mbali, mbali zaidi, halafu kimya. Mji mzima ulikuwa umemsahau kisimani. Akaogopa sana. Akaita, na sauti yake ikamrudia mwenyewe.

Kisha kamba ikamgonga kichwani.

"Tupo, Mize," akasema Faki kutoka juu. "Jumbe ameshapewa uji. Shika kamba, na wewe ukapewe."

Alasiri baraza likajaa. Jumbe akakaa kitini, mkono umefungwa, akasema ahadi ni deni, na joho likaletwa. Mize alikuwa ameoga na kujitia wanja. Jumbe akaamuru, "Waje hao watatu. Kigoda, Mlingoti na Nundu."

Moyo wa Mize ukatumbukia kisimani upya.

Wakavikwa mmoja mmoja. Kwa Mize joho lilifagia sakafu, akaonekana kichwa tu. Kwa Makame lilikomea magotini. Kwa Faki lilining'inia vizuri mbele, nyuma likabinuka kama mkia wa jogoo. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja akafuta machozi, akasema joho halina kosa, lenye kosa ni miili, basi lirudi sandukuni. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akamjibu kuwa hujafa hujaumbika, na mzee akaacha kucheka.

Fundi Mbaruku, mshonaji wa mji, akanyoosha mkono. Alisema anaweza kulikata joho lile limkae mtu, lakini mara moja tu, kwa mwili mmoja tu. Nguo ikishamfuata mtu mmoja hairudi kwa mwingine, wala kwa Jumbe hairudi. Jumbe akakunja uso, ila ahadi aliitoa mwenyewe. Akawaambia kila mtu aseme haki yake.

Faki akavua shati, akageuka. Kamba ilikuwa imemchuna mgongo mzima. "Kapi halikuwapo, nikawa kapi mimi," akasema. "Kwenye mgongo ulionyooka kamba ingeteleza. Nundu hii mmeicheka miaka yote, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Leo nimechoka kucheka."

Makame akasema, na wengi waliisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Mimi nilimvuta Jumbe, nikamvuta na Mize. Mlipoondoka nilibaki nimesimama juu ya kisima. Sijawahi kuwaomba kitu, hata mlango. Naomba hili."

Mize akawatazama wenzake. Alijua bila wao angekuwa bado ukutani mwa kisima, na ilimuuma kudai mbele yao. Lakini alilitaka jina lake.

"Sisemi nimewapita wenzangu," akasema. "Nasema ahadi ilitolewa gizani, na mimi peke yangu ndiye niliyeshuka kuisikia. Aliyeambiwa aliitwa kwa jina. Jumbe, litaje."

Jumbe akafungua kinywa. Akakifunga. Akatazama miguu yake. Kule chini jina lilikuwa limemjaa mdomoni, na huku juu, kwenye jua, lilikuwa limemtoka.

"Chagueni nyinyi," akawaambia watu wake, kwa aibu.

Fundi Mbaruku akafungua mkasi, akangoja. Hata sasa anangoja, na mkono unamuuma, kwa hiyo msimcheleweshe. Msiniambie joho ligawanywe, maana joho la vipande ni viraka. Msiniambie lirudi sandukuni, ila kama na nyinyi mlizaliwa Kitopeni. Na anayetaka kujibu amtaje mtu wake kwa jina alilopewa na mamaye, kwani akitaja lile walilompa watu, nitajua ameshamrudishia Jumbe joho lake.

Haya, wenzangu mliocheka na wenzangu msiocheka: mmoja alishuka, mmoja alibeba kamba, mmoja alivuta. Je, mkasi ufuate mwili wa nani?